Mgeni Aliyeitikia Amina

Mlango wa kwanza ninaoukumbuka, baba aliutengeneza kwa bati la pipa la mafuta, kule Luvungi. Upepo ukiupiga ulilia kama mbuzi. Mama aliuchukia. Masomo yangu hayakufika mbali, lakini mlango ule naukumbuka mpaka misumari yake. Basi, nikifikiria milango namfikiria yaya wangu, kaka yetu mzaliwa wa kwanza, Mungu amrehemu. Alikuwa shemasi mu kanisa hapa Uvira, na mlango wake ulikaa wazi kila saa ya chakula. Ugali ukiwa mezani, mpita njia yeyote aliitwa: "Karibu tule!" Wengine walipita makusudi. Hata mimi.

Siku moja aliingia mwanaume mmoja, eti anangoja lori ya Katogota. Malori yalipita, yeye akabaki. Alikula, akalala, akamkosoa shemeji, mke wa yaya, kwa chumvi. Ndagala za watoto, visamaki vile vya ziwa, ziliishia mu sahani yake. Yaya hakutaka kumfukuza.

"Mgeni ni wa Mungu," alisema.

"Basi Mungu aje amchukue!" shemeji akamjibu jikoni. "Akilala hapa tena, minye naenda kwetu Makobola na watoto. Mtabaki mnapikiana."

Hakuwa anatania; vitenge vyake vilikuwa vimekwisha kufungwa. Hata chai ikamshinda yaya.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi: msafiri hatoki bila kuombewa, na akiisha kuombewa halali tena pale, maana hiyo ingekuwa kumchezea Mungu. Mgeni mwenyewe alikuwa ameona wengine wakiagwa hivyo. Asubuhi ile nami nilikuwapo, na zamu ya kuomba ilikuwa ya shemeji. Akafumba macho:

"Bwana, asante kwa mgeni wetu anayesafiri leo. Mtangulie mu njia, umfikishe Katogota jua halijawa kali."

"Amina!" mgeni akaitika kwa nguvu, kama kawaida yake, ndipo akafungua macho.

Yaya alikuwa bado ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anazuia kicheko.

"Amina," alisema mwishowe, akainuka kumfungia mihogo ya njiani. "Weye iko na baraka, ndugu yangu. Twende nikusindikize."

Nyuma yetu shemeji alikuwa anafungua mzigo wake, anaimba. Barabarani yaya alitaka kumfikisha mbele zaidi, mgeni akakataa. Akabana mihogo kwapani, akaenda zake bila kugeuka, na hatukumwona tena.