Kisu cha Mbuzi Watatu

Mke wangu anatoka katika familia ya Moshi ambayo Desemba nzima huwa mlimani, lakini Pasaka hubaki Dar. Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku yao ya mbuzi, nyumbani kwa kaka yake mkubwa, Mbweni, kwenye uwanja wenye nyasi ambazo ukizikanyaga na viatu unaulizwa. Wanaume hukaa upande mmoja, mbuzi mzima aliyechomwa huletwa juu ya majani ya mgomba, na mkubwa wao, baba mkwe wangu, huanza kugawa. Kidari kina wenyewe, mgongo una wenyewe, shingo ina wenyewe. Mie ni mtu wa Songea. Kwetu nyama hupikwa sufuriani, mama anagawa, na anayelalamika huongezewa mchuzi.

Wanaume hawa kila mmoja huja na kisu chake. Ukishagawiwa pande lako unajikatia mwenyewe, taratibu, huku ukiongea siasa. Asiye na kisu husubiri mwenye nacho amkatie, na kukatiwa ni kwa watoto na wagonjwa. Miaka minane nilikatiwa. Shemeji mkubwa alinikatia vipande vidogovidogo kwa huruma, kama anamlisha mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mwaka wa tisa nikajitutumua. Nilichukua kisu cha jikoni kwetu, kile cha mpini wa njano, nikakizungushia gazeti na kukitia mfuko wa ndani wa koti. Nilipokichomoa mbele za watu, ganda la kitunguu lilikuwa bado limegandia kwenye ubapa. Shemeji alikitazama, akanitazama mie.

"Shemeji," alisema kwa upole, "hicho si ndo kinachokatiaga vitunguu?"

Kuanzia hapo nikawa shemeji wa vitunguu. Ningesema sikujali ningekuwa muongo. Nilirudi nyumbani Tegeta na hasira ya mtu mzima anayejua kwamba hasira yake ni ya kitoto, na hakuna hasira mbaya kama hiyo.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Lakini na yeye hakuwa na habari na mie. Aliniita mtu wa bima, kwa sababu kazi yangu ni kukagua magari yaliyogongwa na kuandika ubovu wake, na sina hakika kama jina langu alikuwa analikumbuka. Mie nilimwita mzee, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na mazungumzo yetu ya mwaka yakawa yameisha.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Bei ya kisu hawakuitaja. Niliijua mwenyewe miezi michache baadaye, Kinondoni, kwenye duka la vifaa vya uvuvi ambako nilikuwa nimeingia kukimbia mvua. Mwenye duka alikuwa mama wa Kibohora aliyevaa rida, lile vazi lao la kujitanda, mfupi, na miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Ndani ya kabati la kioo, chini ya ndoano, kulikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa mti mweusi. Nilipokishika kilinilalia mkononi kwa namna ambayo sijawahi kulaliwa na kitu chochote cha dukani. Nikauliza bei. Laki sita na nusu.

Kwa hesabu ya haraka hao ni mbuzi watatu. Nilikuwa natafakari kununua kisu cha mbuzi watatu ili nijikatie kipande cha mbuzi mmoja ambaye si wangu.

"Wewe unakata nini, baba?" yule mama aliniuliza.

Nikasema vitu vya kawaida tu.

"Kisu hiki si cha kuweka mezani watu waone," alisema, akakirudisha kabatini na kufunga kufuli. "Nenda nyumbani. Wiki nzima angalia unakata nini. Ukiona unakata, njoo."

Tangu nizaliwe sijafukuzwa dukani nikiwa na pesa. Lakini nilimtii. Jumatatu kazini nilihitaji kukata kamba ya faili, nikaazima mkasi wa katibu muhtasi. Jumanne nilinunua chungwa, na muuzaji akanimenyea. Jumatano pakiti ya maziwa niliifungua kwa meno. Alhamisi, kifurushi cha betri, meno. Ijumaa nilikuwa nang'ata uzi wa kifungo cha shati mke wangu aliponikuta.

"Baba watoto, kuna mkasi hapo," alisema.

Nikamweleza habari ya kisu, bei na yote. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza na ana subira ya kazi hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kisu au unataka kaka zangu wakuone?"

"Vyote."

"Basi angalau wewe mkweli," alisema, akaniletea mkasi. Hakusema nisinunue. Alisema kwamba ada za watoto zimeshalipwa, kwamba hela ni ya posho yangu ya safari, na kwamba nikijikata nisimwamshe.

Jumamosi nilirudi Kinondoni. Mama akavaa miwani, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia ukweli: kwa wiki nzima sikukata kitu, meno yangu ndiyo yanafanya kazi zote, lakini iko siku moja kwa mwaka, Jumatatu ya Pasaka, ambayo nikiwa bila kisu najiona si mtu.

Alifungua kufuli la kabati. "Mara moja kwa mwaka inatosha," alisema. "Mie nina sahani nyumbani za mara moja kwa mwaka."

Kabla hajapokea pesa alinifundisha kukikunja. Ndani ya mpini kuna kibati chembamba kinachoukaba ubapa ukishafunguka. Ukilazimisha, kisu hakifungiki hata uwe na nguvu za punda. Lazima ukisukume kile kibati pembeni kwa dole gumba, polepole, ndipo ubapa ukubali kulala. Alinifanyisha mara kumi, kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu.

Pasaka ikafika. Baba mkwe sasa alikuwa anaishi hapohapo Mbweni. Walimleta kwa ajili ya kliniki ya macho, halafu kliniki ikageuka makazi. Wanawe wanampenda, sina shaka, lakini walikuwa wamemchukulia ufunguo wa gari, kisha simu yenye pesa, kisha kisu chake kikuukuu, kwamba atajikata. Kila kitu walikichukua kwa sauti nzuri. Hata hivyo kugawa mbuzi hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mbuzi alipoletwa, mzee alinyoosha mkono bila kumtazama mtu.

"Kisu," alisema.

Wanawe wakaanza kutazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akatae kwanza. Mie nikaingiza mkono mfukoni. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sauti ya kukifungua, mbele ya kioo, na siombi radhi. Kikafunguka kwa mlio mmoja safi. Nikamshikisha mzee mpini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi mashemeji zangu wote walikaa kimya kwa sababu yangu.

Mzee alijaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba. Kisha akakata. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini mikono ilikuwa inajua njia, na nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Aligawa mbuzi mzima. Shemeji mkubwa aliniinamia, akaninong'oneza, "Shemeji, hiki umekitoa wapi?" Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Mzee alipomaliza aliufuta ubapa kwa jani, akataka kukikunja. Hakikukunjika. Akakandamiza. Akakiweka juu ya paja, akaanzisha habari ya bei ya kahawa, na huku chini mkono unakandamiza tena. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Shemeji mkubwa akaona.

"Baba, lete nikusaidie," alisema, kwa ile sauti nzuri.

Mkono wa mzee ulisimama. Nikauona uso wake, na nikajua kwamba kisu kikitoka mkononi mwake sasa, Pasaka ijayo hataitwa kukata.

"Hicho kisu kibovu," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Kina kasoro kwenye bawaba. Hata mie kinagoma. Nilishapigwa dukani, ndo nimejua juzi."

"Bei gani?" akauliza shemeji mdogo.

Nikaitaja. Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika Tegeta. Mkaguzi wa ubovu ameuziwa ubovu. Bora kile cha vitunguu, walisema, angalau hakikuwa na mambo ya kufunga. Shemeji mkubwa alifuta machozi kwa mkono wenye mafuta. Niliumia, sitaki kudanganya. Kisu kile hakikuwa na kasoro hata moja duniani.

Wakiwa bado wanacheka nilichuchumaa karibu na mzee, kama mtu anayekagua. "Mpaka ukibembeleze hapa," nilimwambia chinichini, nikachukua dole gumba lake na kuliweka kwenye kibati. "Pembeni. Polepole." Ubapa ukalala. Akaufungua, akaukunja tena peke yake. Akarudia. Mara ya tatu alinitazama moja kwa moja, na nikaelewa kwamba ameelewa.

"Kisu kibovu hakikufai wewe," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nitakaa nacho mie." Akakitia mfukoni mwa shati na kukipigapiga. Shemeji mkubwa alifumbua mdomo, mzee akamtazama, akaufumba.

Sasa mie ni shemeji wa kisu kibovu, na Pasaka hii mzee ndiye aliyegawa tena. Mie nilijikatia kwa kile cha mpini wa njano, kimeoshwa vizuri.

Jumapili jioni mzee huwa anaazima simu ya wanawe, anampigia mke wangu kutujulia hali. Zamani walikuwa wanaongea wee mpaka salio likate, na mie nikipata salamu za mwisho, au nisipate. Siku hizi mke wangu akipokea hajamaliza hata shikamoo, ananiletea simu akiwa amekunja uso kwa wivu.

"Anakutaka wewe," anasema.

Nami nasikia upande wa pili mlio mmoja safi wa kisu kinafunguka, halafu kimya kidogo, halafu kinajifunga.

"Bado kibovu, mwanangu," mzee anasema.

"Kibovu kabisa, baba," namjibu.