Albina na Kura ya Kusimama

Mwaka jana Medard, mfanyabiashara wa simu kutoka Singida, alilazwa hospitalini Guangzhou siku tisa bila mtu wa kwao kujua. Nesi alipiga simu kanisani, na taarifa ikafika kwenye halmashauri ya parokia, lakini hapakuwa na mjumbe yeyote aliyemfahamu. Albina alimkuta kwa bahati tu, alipokwenda kupimwa macho. Medard alipomwona alianza kulia kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama.

Albina ana miaka arobaini na tisa. Amekaa Guangzhou miaka kumi na sita, akinunua magauni kwenye soko la jumla la Shisanhang na kuyatuma Morogoro. Ni mtu wa maneno machache, na hakuwa amewahi kugombea chochote. Paroko alipokubali kuwapa Waswahili nafasi moja kwenye halmashauri, Albina alisimama baada ya misa akasema anaitaka.

"Ya nini, dada?" Cornel alimuuliza mbele ya watu. "Vikao vyenyewe ni vya Kichina na Kiingereza. Utasinzia."

"Nitasinzia nikiwa ndani," Albina akajibu.

Watu wakacheka, na Cornel naye akacheka. Hata hivyo wiki iliyofuata alijiandikisha kugombea. Cornel ni wakala wa kusafirisha mizigo. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba mwenye ofisi na kadi za biashara ndiye anayefaa kuzungumza na paroko. Takriban kila muumini alikuwa na marobota kwenye ghala lake, yakisubiri nafasi kwenye kontena la kwenda bandari ya Nansha, na ni yeye aliyeamua ya nani yaingie kwanza.

Kura walipiga kama walivyozoea kuchagua viongozi wa kwaya: wagombea wanatazama ukutani, wapiga kura wanajipanga nyuma ya wanayemtaka, kisha wanahesabiwa. Jumapili hiyo mvua ilikuwa inanyesha, wakabanana chini ya kibaraza cha ofisi. Benedicta, katibu wa jumuiya, akawaelekeza wagombea waugeukie mlango.

Mlango ulikuwa wa kioo cheusi. Albina alipoinua macho aliwaona watu wote nyuma yake, sura kwa sura. Akamtazama Cornel pembeni yake, naye alikuwa ametulia, macho kwenye kioo.

Watu walijipanga taratibu. Wengine walianza kuja upande wa Albina, wakatazama mbele, wakayaona macho ya Cornel kwenye kioo, wakahama. Hannah, binti wa Dodoma anayeishi naye chumba kimoja mwaka wa nne sasa, alisimama katikati kidogo akiwa ameukumbatia mkoba wake. Kisha akaenda nyuma ya Cornel. Sare za shule alizonunua kwa biashara zilikuwa ghalani kwa Cornel, na zilitakiwa zifike nyumbani kabla ya Januari.

"Kaka Cornel, ishirini na tisa," Benedicta akatangaza. "Dada Albina, kumi na mbili."

Albina angeweza kunyamaza. Kusema ni kuwaaibisha hao ishirini na tisa, pamoja na Cornel, ambaye ghalani kwake yalikuwamo magauni ya Albina mwenyewe. Akamkumbuka Medard.

"Naomba turudie," akasema. "Tugeukie ukuta ule wa matofali. Hapa kuna kioo."

Cornel akasema, "Kwani kioo kina nini? Mimi nilikuwa naangalia tai yangu."

"Na sisi tukawa kama mizigo kwenye skana!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Laoban, bosi wetu, tai imekupendeza, haya geuka!"

Walicheka muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Cornel aliinamisha kichwa, akacheka kidogo, kisha akatangulia kwenda ukutani kwenye mvua. Albina akamfuata. Safari hii hakuona chochote ila matofali. Alisikia viatu vikiburuzwa kwenye maji kwa muda, na sauti ya Benedicta ikihesabu, ikikosea, ikianza upya.

"Cornel, kumi na saba. Albina, ishirini na nne."

Cornel alimpa mkono. "Hongera, mheshimiwa. Magauni yako yanaondoka Alhamisi, usiwe na wasiwasi." Na kweli yaliondoka Alhamisi, pamoja na ya wengine.

Kwenye metro ya kurudi nyumbani Hannah alikaa karibu naye, nguo zimelowa.

"Dada, mimi nilikuwa nyuma yako tangu mwanzo," akasema. "Kura zote mbili."

Albina alimtazama. Inawezekana mara ya pili ilikuwa kweli. Hana namna ya kujua, na hajawahi kuuliza.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema, akatoa simu yake. "Nitajie namba ya nyumbani kwenu. Ukiumwa, nimpigie nani?"

Hannah akataja ya mama yake. Walipopita kituo kimoja akaongeza na ya kaka yake.