Jina Tupu la Tonton Sylvain

Nilipokuwa mtoto pale Etterbeek, huku ughaibuni, miaka ile ya tisini, nilipewa kazi ambayo hata leo sijui kama ilikuwa ya mtoto: kumrudisha mjomba wangu nyumbani kwa kumwita jina.

Tonton Sylvain, mdogo wake mama, alikuwa mwanafunzi, mcheshi ajabu, na aliishi nasi. Siku moja alikwenda na wenzake kwenye msitu wa upande wa Auderghem, wakala uyoga mkavu, ule unaovuruga akili. Wenzake waliamka wazima. Yeye, wiki zilipita na ukuta wa chumba chake bado ulikuwa unapumua. Nikimpungia mkono, aliona mikono mingi ikifuatana. Akaacha masomo. Mama alilia jikoni, akisema ndugu yake anaelekea kuwa kichaa.

Nkambo, bibi yetu wa Lubumbashi, aliyekuwa amekuja kukaa nasi, hakulia. Alikasirika.

“Unakula bowa ya muntu mwenye haujue mama yake? Na haukuachia pori hata unga kidogo?”

“Maman, ni drogue tu, ya kulevya,” tonton akasema, macho ukutani.

“Donc kivuli yako ilibakia kule.”

Kwa imani yake, aliyeacha kivuli porini huitwa na mtoto wa dada yake, kwa jina tupu. Akiitika njiani, kivuli hugeuka kikarudi porini. Asipoitika mlangoni kwake, ndiyo basi tena.

Jumapili mchana tukapanda tramu, sisi watatu. Kule msituni Nkambo akamwaga unga wa mahindi chini ya mti. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa wakatukodolea macho. Nikaita, “Sylvain!” Bila “tonton” nilijihisi nimemtukana. Niliita njia nzima, hata ndani ya tramu, naye ameuma midomo, jasho linamtoka, amefumba macho kwa sababu nyuso za abiria zilikuwa zinayeyuka. Niliogopa sana. Neno moja likimponyoka, nimempoteza.

Mlangoni nikaita. Kimya. Alikuwa akitazama mbao za mlango, na nilijua anaziona zinatembea. Nkambo akanishika bega.

“Ita tena, mutoto.”

“Sylvain!” Sasa nilikuwa nalia.

“Niko,” akasema.

Nilitegemea apone palepale. Hakupona. Baadaye daktari alisema ule uyoga umemwachia alama, huenda ikapungua, huenda isiishe. Ilipungua. Alimaliza masomo, akaoa, akahamia Ganshoren, lakini mpaka leo hakai kwenye chumba chenye karatasi za maua ukutani. Habari za kivuli sijui kama naziamini. Ninachoamini ni kwamba siku ile, katikati ya vitu vyote vilivyokuwa vikitembea, aliitafuta sauti yangu akaishika.

Juzi alikuja kwangu. Kengele ilipolia nikasimama nyuma ya mlango, mtu mzima na mvi zangu, nikaita jina lake tupu. Kimya. Moyo ukanidunda kama zamani.

“Niko,” akasema. “Alors fungua, baridi ni mingi huku.”