Kazi ya Kumtoa Titus Nyumbani

Titus Shikanga hakuwahi kupewa kitu akakipokea bila kukigeuza chini juu. Ukimkaribisha chai, ataangalia kwanza ndani ya kikombe. Nimekaa naye uzio mmoja hapa Mayoni tangu aoe, na ninasema haya bila chuki, kwa sababu mwaka ule wa tisini na nne nilishuku pamoja naye, na pengine nilimshinda.

Mkewe Sellah alifariki mtoto wao, Awinja, akiwa mdogo bado. Siku ya mazishi mama mzazi wa Sellah alituma watu waombe mtoto akalelewe kwao. Titus alikataa mbele ya waombolezaji wote. Tangu hapo kwa wakwe zake alipaona ni mahali ambapo watu huamka asubuhi na kuketi kupanga namna ya kumnyang'anya binti.

Alikuwa akifanya kazi ya mchana kiwandani, kwenye sukari, lakini baada ya msiba aliomba zamu ya usiku. Usiku Awinja alilala kwangu na wanangu, na mchana baba yake alikuwepo nyumbani. Alikuwepo, ndiyo, ila amelala. Mtoto akajifunza kutembea kwa ncha za vidole na kunong'ona. Alinong'ona ndani, akanong'ona nje, hata akicheza na wanangu alinong'ona. Alipoingia darasa la kwanza, mwalimu alimwita Titus na kumuuliza kama mtoto ana ugonjwa wa koo.

Alirudi kutoka shuleni uso umemsinyaa. "Mama Phineas," aliniambia, "mimi ndiye nimemnyamazisha. Narudi kazi ya mchana."

Basi tukaanza kupima. Kwenye mizani ya miwa hapo karibu na soko walitaka karani. Saa sita angekuja nyumbani, ale na mtoto, arudi. Lakini karani aliyekuwepo aliacha ghafla bila kusema sababu, na Titus akazunguka soko zima akiuliza mtu huyo aliona nini. Kutengeneza baiskeli za boda boda pia alikuweza, ila waendeshaji wote ni marafiki zake, na alisema hajaona rafiki anayelipa.

Ndipo akaja Joash, kaka yake marehemu Sellah, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Alikuwa dereva wa shule moja ya bweni upande wa Musanda. Nilikuwa nimepeleka mboga kwa Titus, nikaona si vibaya nikikaa.

"Nimesikia unatafuta kazi ya mchana, shemeji," Joash alisema. "Shuleni kwetu wanataka mtu wa stoo. Nimeshaongea na mkuu."

"Nani amekuambia natafuta?"

"Mambo yanasikikanga."

"Hapa kwa mizani pia wananitaka. Na ni karibu."

Joash alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo. "Hiyo ya mizani usichukue. Si utakuwa unarudinga hapa saa sita?"

"Nitarudi. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna. Lakini mwanaume akienda kazi, aende. Kule utakulanga huko huko, urudi jioni."

Alipoondoka, Titus alinigeukia. "Umemsikia? Huyu hanitafutii kazi. Ananitoa nyumbani."

Nilimwambia nimesikia hivyo hivyo. Mtu anayekupenda atakuombeaje kazi ya mbali wakati ya karibu ipo? Nikamshauri achukue ya mizani. Alisema ya mizani hukatika kiwanda kikifungwa kwa matengenezo, na ya shule ni ya kudumu. Hilo lilikuwa kweli, ila nilimjua. Alitaka kuingia mtegoni kwa macho yake mawili, aone umetegwa wapi. Akachukua ya shule, tukakubaliana kwamba Awinja akitoka darasani saa sita aje moja kwa moja kwenye kibanda changu cha mandazi sokoni.

Jumatatu hakuja. Nilifunga mapema nikamkuta kwao, mlangoni, ameoga, ameshiba.

"Ulikuwa na nani?"

Alicheka, akafunika mdomo. "Nimeambiwa nisiseme," akanong'ona.

Jumanne ikawa vile vile. Nilipomweleza Titus jioni, alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi. Alisema wanamzoesha kidogo kidogo, na siku akizoea watamchukua. Niliogopa kweli, sikumficha. Nilimwona Awinja tayari yuko kwenye gari la Joash, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja na wanangu nikiambiwa sina haki ya kuuliza.

Jumatano Titus aliomba ruhusa ya uongo, siku ya tatu tu kazini, akaendesha baiskeli juani hadi sokoni. Niliacha mandazi kwenye mafuta nikamfuata ili niwe shahidi. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani tukasikia sauti ya mtoto ikipiga kelele. Sikuitambua, maana sikuwahi kuisikia. Titus aliitambua. Akaitupa baiskeli akakimbia, akaingia uani akiunguruma, "Mwache mtoto wangu."

Awinja alikuwa amesimama juu ya kinu, kijiti mkononi, akimfundisha mtu kuhesabu kwa sauti ya mwalimu. Aliyefundishwa alikuwa nyanya yake, mama mzazi wa Sellah, ameketi mlangoni mwa jiko akichambua mrenda.

Yule mama alimwona mkwe wake ana kwa ana. Akavuta leso akafunika uso, ungo ukaanguka, akakimbia kupita migombani hadi ndani ya miwa. Mtu wa umri ule, miguu mitupu. Titus naye aligeukia ukuta wa jiko, akasimama hapo na paji la uso kwenye udongo.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani hivyo. Akimwona njiani, hupisha kwenye majani. Sasa mwanaume anayelala nyumbani mchana kutwa, kila siku, mama mkwe wake atamwona mjukuu saa ngapi? Na Joash angesemaje? Amwambie shemeji yake aondoke kwake ili mama apate kuja? Tulishuku kila kitu, sisi wawili, tukaruka hicho. Hata ndani ya nyumba mama hakuwa ameingia. Vyombo vyake vyote vilikuwa jikoni.

"Kukhu ameenda wapi?" Awinja aliuliza. Alinong'ona.

Alhamisi mama hakuja, wala Ijumaa. Mtoto alikaa kwenye kibanda changu akitikisa kichwa kujibu wateja. Titus hakuweza kwenda kuomba msamaha mwenyewe, kwa hiyo alimtafuta Joash shuleni. "Mwambie mama," alisema, "nitakulanga huko huko." Kisha akanunua kengele ya baiskeli. Kila jioni alianza kuipiga mbali, kule kwenye mizani, na mtaa mzima ukamcheka. Jumatatu nilimwona mama akipita nyuma ya kibanda changu na kikapu.

Mwaka uliofuata malaria ilimwangusha Titus. Asubuhi alinijia ameburuta blanketi, meno yakigongana.

"Nipe mahali, Mama Phineas."

"Si una kitanda chako?"

"Kukhu anakuja leo."

Nilimtandikia kwenye benchi chini ya dirisha. Mchana Awinja alitoka shule, na kelele zikaanza upande wa pili wa uzio. Anabishana na nyanya yake juu ya kuku fulani, anapiga sufuria, anaimba. Mgonjwa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikainuka nifunge dirisha.

"Wacha wazi," akasema.