Mizani ya Sukari na Vijiti vya Mkole

Mzee wa Vihingo niliyemtaka binti yake hakuniuliza kazi yangu wala minazi ya baba yangu. Alitaka vijiti kumi na viwili vya mishale, vilivyonyooka na kukauka, ndipo aamue kama wazee wangu waje kuposa au wakae kwao. Nguruwe walikuwa wakimlia mahindi. Upinde alikuwa nao, ila mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka na hakuweza tena kuchonga.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya jioni, na kwa cheti changu niliamini hata mbuzi wa Kibaha wananipisha njia. Nikakata mkole, mti wa porini wenye fito nyoofu, katikati ya masika, nikaumenya maganda, nikafunga fungu na kulitundika barazani. Darasani tulifundishwa kwamba kitu kikikauka hupungua uzito. Basi kila Ijumaa baada ya swala nililipeleka fungu Sofu, kwa muuza duka mwenye mizani ya sukari.

"Umeleta tena kuni zako," aliniambia. "Sukari utanunua lini?"

Wiki mbili za kwanza uzito ulishuka. Wiki mbili zilizofuata haukusogea hata kwa unywele. Nikaona maji yamekwisha, nikashika njia ya Vihingo kwa miguu, njia ambayo siku ile nadhani ilikuwa imeongezwa maili na mtu asiyenipenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu tuone."

Mzee alichukua kijiti kimoja, akakigusisha mdomo wa juu, akatulia nacho.

"Kina baridi. Hakijakauka."

"Nimepima kwa mizani, baba. Uzito umesimama wiki mbili."

"Na mvua, imesimama?"

Akanieleza, bila kunicheka sana, kwamba hewa ya masika imeshiba maji. Kijiti kikishatoa yake machache, mengine hakina pa kuyapeleka. Fungu likapelekwa jikoni, likawekwa juu kabisa darini, mahali moshi unapofika ukiwa vuguvugu. Karibu na moto vingepasuka. Binti yake akapewa kazi ya kuvigeuza, nami nikaambiwa nirudi kiangazi.

Niliporudi, saba vilikuwa vimepinda kama mikia ya mbwa. Nilikaa uani kutwa nzima nikivipasha juu ya makaa kimoja kimoja na kuvinyoosha kwa mikono. Viwili vikanivunjikia. Mzee akavipitisha vilivyobaki mdomoni, akavigonganisha. Vilitoa mlio mkavu ambao naapa ulisikika Mzenga.

"Vimebaki kumi, baba. Nikate vingine?"

"Ukate vingine uniletee masika ijayo? Mwambie baba yako aje Jumamosi."

Mahindi yalikuwa yameliwa zamani. Mishale ile ilikwenda kulinda muhogo.