Mwomboko na Mtoto Mgongoni

Kwetu Bungoma tunacheza kwa mabega, na kila mtu na mabega yake. Hakuna wa kukuongoza. Miaka ya themanini ikiishia nikaolewa huko Kwanza, upande wa Kitale, kwa watu wa ngoma ya mwomboko: mwanamume anakushika, anakuja mbele, wewe unarudi nyuma; akiinama, unainama. Sawa. Lakini hata kuinama huko nilinyimwa.

"Mwenye mtoto mchanga anakaa," alisema baba mdogo wa mume wangu, mpiga akodioni na mwalimu wa ngoma. Kumbe mtoto alikuwa wangu peke yangu, kwa sababu mume wangu alicheza.

Kila Jumapili walifanya mazoezi ya harusi ya wifi yangu, mimi nimesimama kando ya ghala la mahindi nikichemka. Mtoto hakulala mpaka nimchezeshe mgongoni kwa muziki ule ule. Kwa hivyo nilimkodolea macho mume wangu na kufuata miguu yake. Nikaapa: kwenye harusi hiyo nitacheza, wapende wasipende.

Siku yenyewe, pale Kitale, mwanamke wa kucheza na mume wangu akagoma. Viatu vipya vilimchubua. Mume wangu akanijia mbio.

"Mama, njoo uzibe pengo."

"Na mtoto?"

Akakuna kichwa. Nikafungua leso, nikamfunga yeye mtoto mgongoni, juu ya suti, mbele ya wageni wote.

"Haya, twende."

Akodioni ikalia. Akaja mbele, nami nikaja mbele. Magoti yakagongana, paa! Nilikuwa nimejifunza miguu ya mwanamume.

"Si urudi nyuma, bana!" akaninong'oneza.

"Rudi wewe. Mimi sijui kurudi."

Tukagongana tena. Mtoto akaanza kulia. Kwa woga wa kuaibika, mume wangu akarudi nyuma. Nikamshika vizuri, nikamwongoza, tukainama pamoja. Mtoto akanyamaza.

"Ati mwanamume ni nani hapo?" baba mdogo akauliza huku akivuta akodioni.

Mama mkwe akamjibu kwa sauti: "Mwenye mtoto mchanga si anakaa? Mwambie akae basi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu akajaribu kusimama. Mtoto akalia. Akaendelea kucheza.

Nilicheza mpaka nikashiba, kisha nikaenda kula wali. Yeye nilimwacha uwanjani, akirudi nyuma mikononi mwa mama yake, mtoto akikoroma.