Mado, Ni Hapa

Kama ni kucheka, cheka sasa hivi tumalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho haya mawili, mvua ikinilowesha mgongo, nyundo mkononi.

Mimi ni fundi wa mabango hapa Lubumbashi, kwetu ni Kampemba. Watu wananijua kwa aina moja ya maandishi: herufi nene zilizojengwa kwa miraba mitupu, kama zile za michezo ya zamani ya televisheni. Hazina mviringo hata mmoja. O yangu ni sanduku, A yangu ni mlango. Wenye saluni na wenye baa wanazipenda kwa sababu zinasomeka kutoka mbali.

Siku moja Mama Ilunga akanipigia simu niende kwake, mtaa wa Golf. Zamani alikuwa jirani yetu Kampemba. Mwanawe wa kiume alipofanikiwa akamjengea nyumba kule. Nilidhani anataka jina la familia ukutani. Hapana. Alitaka maneno matatu tu, upande wa barabarani: MADO, NI HAPA.

Mado ni binti yake. Alimfuata mume Kolwezi, akawa anapiga simu, kisha simu zikakoma.

"Nyumba ya Kampemba tuliuzisha," Mama Ilunga akaniambia. "Akirudia, atatukosa. Na macho yake iko mubaya tangu utoto. Maandiko ya kidogo haone. Zile za karo-karo, za miraba kama zako, za mu jeu ya televisheni ya kaka yake, zile tu ndiyo alikuwa anasoma. Unitilie za kubwa, mutoto yangu. Aone."

Wewe ungekataa? Nilikata bati vipande vya mraba, nikavipaka rangi nyekundu, nikaenda kuvipigilia. Mchana mvua ikaanza. Sikutaka kuacha neno nusu, nikaendelea tu. Jioni ilikuwa inaingia nilipomaliza ile A ya mwisho, na ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anasoma polepole, kama mtoto wa shule:

"Ma-do... ni... ha-pa."

Alikuwa mwanamke kijana, amejifunga kitenge cha kijani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, akawa anapapasa miraba kwa kidole, mmoja mmoja.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. "Ni hapa?"

"Ndiyo, ni hapa!" Moyo ulinirukaruka kwa furaha, usinione mjinga. Nikashuka ngazi, nikagonga geti kwa nyundo. "Mama! Mama Ilunga, kuya! Amefika!"

Mama wa watu akatoka mbio, mguu mmoja hauna kiatu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Binti alikuwa amesimama mbele yake kabisa.

"Mama," akasema. "Mama, ni mie."

Macho ya mama yakampita kama yanatazama barabara tupu.

"Nani amefika? Iko wapi?"

Hapo ndipo nilipomtazama yule binti vizuri. Mimi na Mama Ilunga tulikuwa tumelowa chapachapa. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Bati lilikuwa linachuruzika maji, lakini pale alipopitisha kidole palikuwa pakavu pia. Niamini, nilitaka kusema. Nilifungua kinywa na ulimi ukalala kama si wangu. Nikataka kunyoosha kidole, mkono haukuinuka.

"Yaya, umwambie," binti akanisihi. "Umwambie niko hapa."

Unajua ni nini kuombwa kitu kidogo hivyo na usikiweze?

"Ni baridi inakupata," Mama Ilunga akasema, sauti imekwisha. "Kuya ndani, nikupe chai." Nikatikisa kichwa. Akageuka, akaingia. Binti akamfuata, lakini kwenye mlango wa geti akasimama ghafla, kama aliyejigonga. Geti likafungwa. Akakaa chini, kwenye matope, chini ya jina lake. Nikaacha ngazi na vyombo vyangu vyote, nikakimbia.

Baadaye shemeji yake Mado akaja kutoka Kolwezi na nguo zake ndani ya mfuko. Mado alifariki akijifungua, kabla ya msimu wa mvua kuanza. Walimtafuta mama yake Kampemba, wakakuta wageni. Mama Ilunga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mulizika muntu mwingine," akamwambia. "Wangu iko mu njia."

Kisha akanipigia simu mimi: Herufi ni ndogo, Mado hajaziona. Niongeze.

Nilikwenda. Ningefanya nini? Binti alikuwa palepale ukutani, akainua uso aliponiona. Wewe naweza kukueleza, mke wangu nimemweleza, padri nimemweleza. Mbele ya yule mama tu, ulimi unalala. Nimeongeza herufi mara nyingi, mpaka sasa zimejaza ukuta kona hadi kona, na kila ninapomaliza mmoja ananishukuru huko ndani, mwingine ananiuliza hapa nje kama nimeshasema.

Kwa hiyo, ukipita Golf siku ya mvua, ukakuta mwanamke mkavu chini ya ukuta mwekundu, akakuuliza kama ni hapa, endelea na njia yako. Usimwambie ndiyo kama huna namna ya kumfungulia.